Lugha ya Vyombo vya Mashuani: Sarufi, Umiliki na Uwazi

Utangulizi

Wanaisimu wanapoitaja lugha, aghalabu humaanisha mfumo wa sauti za nasibu ambao wanadamu huutumia kuwasiliana wao kwa wao. Fasili hiyo huviacha nje vitu visivyo na uhai. Hata hivyo, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 pamekuwapo ndani ya mashua za starehe mfumo wa mawasiliano ambao waasisi wake waliueleza kwa istilahi za lugha. Ujumbe mmoja huitwa sentensi. Chombo kinachoutoa huitwa msemaji. Kinachoupokea huitwa msikilizaji. Kipimakina hunena, na kioo kilicho mbele ya nahodha husikia. Dira hunena, na usukani unaojiendesha hutii.

Madhumuni ya makala haya ni kuueleza mfumo huo katika hatua zake tatu kuu, yaani kiwango cha NMEA 0183, kiwango cha NMEA 2000, na kiwango huria kiitwacho Signal K. Hoja inayotetewa ni kwamba usanifishaji peke yake hautoshi. Lugha inaweza kuwa sanifu, ikatumika na vyombo vingi duniani, na bado mwenye mashua asiruhusiwe kuijua sarufi yake. Hali hiyo ikitokea, mwenye chombo huwa mgeni ndani ya chombo chake mwenyewe.

Chimbuko la usanifishaji

Chama cha National Marine Electronics Association, kijulikanacho kwa ufupisho wake NMEA, kiliundwa nchini Marekani mwaka 1957. Kwa miaka mingi baada ya hapo kila kiwanda kilivitengenezea vyombo vyake namna yake ya kuwasiliana. Kipimo cha kiwanda kimoja hakikuweza kuzungumza na kioo cha kiwanda kingine, na mwenye mashua alilazimika ama kununua kila kitu mahali pamoja, ama kusoma namba kutoka kioo kimoja na kuziingiza kwa mkono katika kingine.

Hatua ya kwanza ilikuwa ndogo. Mwaka 1980 chama hicho kilitoa kiwango cha NMEA 0180, ambacho kilikusudiwa kuunganisha vipokezi vya mfumo wa redio wa Loran-C na usukani unaojiendesha. Mwaka 1982 kikafuata NMEA 0182. Mwaka 1983 kikatolewa NMEA 0183, ambacho kilienea hata kikawa lugha ya mawasiliano mapana baharini. Baadaye Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilitoa kiwango cha IEC 61162-1, ambacho kinafanana nacho kwa karibu sana.

Sarufi ya sentensi

Sentensi ya NMEA 0183 huandikwa kwa herufi na tarakimu za kawaida. Huufuata mpango usiobadilika: huanza kwa alama ya dola, hufuatwa na herufi mbili zinazomtambulisha msemaji, kisha herufi tatu zinazoonyesha aina ya habari, kisha habari yenyewe ikiwa imegawanywa kwa mikato. Mfano ufuatao ni wa kipimakina kilichokuta maji ya mita 4.2:

$SDDBT,13.8,f,4.2,M,2.3,F*3B

Herufi SD humtambulisha msemaji kuwa ni kipimakina. Herufi DBT hueleza kwamba kinachotajwa ni kina kuanzia kwenye kihisi kwenda chini. Kisha habari moja hutajwa mara tatu: futi 13.8, mita 4.2, na pima 2.3. Herufi ndogo f ni futi, na herufi kubwa F ni pima. Kwa hiyo ukubwa wa herufi peke yake hubeba tofauti ya maana, kama vile tofauti ya sauti moja inavyotenga pata na bata. Baada ya kinyota huja alama mbili za uhakiki. Alama hizo hupatikana kwa kuzilinganisha herufi zote zilizo kati ya dola na kinyota kwa kanuni moja ya kihesabu. Msikilizaji huirudia hesabu hiyo. Akipata jibu tofauti na 3B, hujua kwamba sentensi iliharibika njiani, naye huitupa.

Mambo mawili zaidi yafaa kutajwa. Kwanza, nafasi ndiyo inayotoa maana. Habari isipokuwapo, mikato miwili hufuatana bila kitu kati yake, na ukimya huo huhesabiwa kuwa sehemu ya sentensi. Pili, mfumo huu una mipaka migumu. Sentensi haizidi herufi 82, na kasi ya kawaida ni biti 4,800 kwa sekunde. Kwa kuwa kila herufi huhitaji biti 10, waya mmoja hauwezi kupitisha zaidi ya herufi 480 kwa sekunde, yaani takriban sentensi tano au sita zilizojaa. Aidha, kila waya una msemaji mmoja tu. Wengine wote husikiliza.

Hati ya kiwango hiki huuzwa na chama chenyewe. Lakini kwa kuwa sentensi zake husomeka kwa macho, wengi waliijifunza lugha hii kwa kuisikiliza. Watayarishaji wa programu huria ya gpsd, inayopokea habari za vipokezi vya setilaiti, walikusanya maelezo ya sentensi hizo kutoka vyanzo vilivyo wazi wakayatangaza bila malipo. Hivyo basi sarufi iliyouzwa dukani ilikuja kujulikana hadharani.

Pamoja na hayo, kiwango chenyewe kiliacha mlango wa lahaja. Sentensi inayoanza kwa herufi P, ikifuatwa na herufi tatu za kiwanda, ni sentensi ya kiwanda hicho, na maana yake haimo katika kiwango. Viwanda vingine viliendelea kuwa na lugha zao kamili, kama vile SeaTalk, iliyoanza kwa vyombo vya Autohelm na baadaye ikajulikana kwa jina la Raymarine.

Tatizo la maana: kina ni nini?

Usanifu wa umbo haumaanishi usanifu wa maana. Neno kina ni mfano ulio bayana, kwa kuwa katika neno hili moja zimo dhana tatu. Kuna kina kuanzia usawa wa maji, kina kuanzia kwenye kihisi, na kina kuanzia chini ya mkuku.

Ichukuliwe mashua ambayo mkuku wake huzama mita 1.8 chini ya usawa wa maji, na ambayo kihisi chake kimefungwa mita 0.5 chini ya usawa huohuo. Kioo kinaonyesha 2.0. Ikiwa namba hiyo imepimwa kuanzia kwenye kihisi, maji yote ni mita 2.5, na chini ya mkuku zimebaki mita 0.7. Ikiwa imepimwa kuanzia usawa wa maji, zimebaki mita 0.2 tu. Ikiwa imepimwa kuanzia chini ya mkuku, zimebaki mita 2.0 kamili. Namba ni ileile, lakini nahodha mmoja ana nafasi ya kutosha, na mwingine amekaribia kupanda mwamba.

NMEA 0183 kilijaribu kulitatua tatizo hili kwa sentensi nyingine, DPT, ambayo huongeza nafasi ya kusahihisha kipimo. Sahihisho likiwa chanya, ni umbali wa kutoka kihisi hadi usawa wa maji. Likiwa hasi, ni umbali wa kutoka kihisi hadi mkuku. Alama moja ya kutoa basi hubadilisha maana ya sentensi nzima. Asiyeijua kanuni hiyo hawezi kuifasiri namba aliyopewa, hata akiisoma vizuri namna gani.

Kutoka sentensi hadi namba tupu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama kilitoa kiwango kipya, NMEA 2000. Msingi wake ni mfumo wa CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Faida zake ni dhahiri. Kasi ni biti 250,000 kwa sekunde, zaidi ya mara hamsini ya ile ya kawaida ya awali. Vyombo hadi 50 huweza kuungwa kwenye waya mkuu mmoja, na kila kimoja huwa msemaji na msikilizaji kwa wakati mmoja. Wawili wakianza kunena pamoja, hakuna mzozo: kila ujumbe una namba ya cheo, na mwenye namba kubwa hunyamaza na kumwachia mwenye namba ndogo, kisha hujaribu tena. Hii ni adabu ya baraza iliyotiwa ndani ya waya.

Lakini umbo la ujumbe lilibadilika kabisa. Aina ya habari hutambulishwa kwa namba. Ile ya kina cha maji ni 128267. Habari yenyewe hupakiwa ndani ya baiti nane. Kina cha mita 4.2, pamoja na sahihisho la mita 0.5, huonekana hivi:

FF A4 01 00 00 F4 01 FF

Baiti ya kwanza ni namba ya mfuatano, na hapa FF humaanisha kwamba haikutolewa. Baiti nne zinazofuata ni kina kwa sentimita, zikisomwa kinyumenyume: 01A4 ni 420. Mbili zinazofuata ni sahihisho kwa milimita: 01F4 ni 500. Ya mwisho ni upeo wa kipimo, nayo pia haikutolewa. Hakuna jina, hakuna kipimo, hakuna mkato. Katika NMEA 0183 msomaji angeweza kukisia kwamba M ni mita. Hapa hakuna pa kuanzia, isipokuwa ameshika kitabu.

Na kitabu huuzwa. Orodha ya majina ya jumbe hutangazwa, lakini maelezo kamili ya namna kila baiti inavyofasiriwa ni mali ya chama, na anayeyanunua hupewa kwa masharti. Aidha, baadhi ya viwanda vilitumia lugha hii kwa viungio vya umbo lao wenyewe, kama SimNet na SeaTalkng. Lugha ilikuwa moja, ila kinywa kilikuwa tofauti, na mwenye mashua alihitaji kununua kiunganishi ili vyombo viwili vya lugha moja visikilizane.

Wanasarufi wa nyanjani

Mwaka 2009 ulianza mradi uitwao canboat, ambao ulijitwika kazi ya kuifafanua lugha hii bila kukinunua kitabu. Njia yake itawavutia wanaisimu, kwa kuwa haitofautiani na ile ya mtafiti anayeingia kijijini kuandika sarufi ya lugha isiyowahi kuandikwa. Ujumbe hukusanywa kutoka kwenye waya, ukalinganishwa na namba zinazoonekana kwenye vioo. Jambo moja hubadilishwa, mengine yote yakiachwa yalivyo. Mashua ikigeuzwa nyuzi kumi na baiti mbili zikabadilika, huwa imebainika kwamba baiti hizo hubeba mwelekeo. Huu ndio mbinu wa kutafuta jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja, ukitumiwa juu ya shaba badala ya ulimi.

Matokeo yake yalitangazwa hadharani, na programu nyingi za mabaharia huyategemea. Hata hivyo, njia hii ina upungufu uleule wa sarufi ya nyanjani. Ujumbe ambao mtafiti hakuusikia hautamo katika kamusi yake, na kanuni itumikayo kwa nadra huweza kukosewa. Ni ajabu kwamba maarifa yaliyokwisha kuandikwa na kukamilika yalipaswa kutafutwa upya kwa jasho, si kwa sababu yalipotea, bali kwa sababu yalifungiwa.

Hapa historia ya Kiswahili inafaa kulinganishwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Uamuzi huo ulilalamikiwa, hasa na watetezi wa Kimvita. Lakini hata waliolalamika waliweza kuisoma sarufi iliyochaguliwa, kuikosoa, na kuandika yao. Kiwango kilichowekwa na wachache kilibaki mali ya wengi kwa kuwa hakuna aliyehitaji kibali ili kukieleza.

Signal K na uwazi wa maana

Katika muongo wa 2010 mabaharia waliokuwa pia watunzi wa programu walianzisha Signal K. Kiwango hiki hakikukusudiwa kuziondoa nyaya za zamani. Kompyuta ndogo huwekwa mashuani, husikiliza NMEA 0183 na NMEA 2000 pia, kisha huyatafsiri yote katika lugha moja inayosomeka na kuyatoa kwa njia zilezile zitumiwazo na intaneti. Maelezo yake yote husomwa na yeyote bila malipo, na programu zake huweza kunakiliwa na kurekebishwa.

Ubora wake kwa mwanaisimu umo katika namna ya kuitaja maana. Kina kilichopimwa na kihisi hupewa anwani ifuatayo:

environment.depth.belowTransducer

Maneno ni ya Kiingereza, na mpango wake huanza na jambo pana na kuishia na jambo mahsusi: mazingira, kina, chini ya kihisi. Nukta hufanya kazi ya a-unganifu, ila kwa mpangilio uliogeuzwa. Kiswahili kingesema kina cha chini ya kihisi katika mazingira. Kina cha chini ya mkuku kina anwani yake, na kina cha kuanzia usawa wa maji kina yake. Utata ulioelezwa hapo juu hauachiwi tena alama ya kutoa. Umetenganishwa kwa majina. Kila habari huambatana pia na chanzo chake na wakati ilipotolewa, ili ijulikane nani amesema na lini.

Vipimo vyote ni vya mfumo wa kimataifa. Kina ni kwa mita, kasi ni kwa mita kwa sekunde, pembe ni kwa radiani, na hata joto ni kwa kelvini, hivi kwamba maji ya nyuzi 28 za selsiasi huandikwa 301.15. Hakuna baharia anayewaza kwa kelvini. Lakini hilo ndilo kusudi: maana ya ndani imetengwa na umbo la nje. Ndani ya mfumo habari ina sura moja tu. Kugeuzwa kwake kuwa noti, futi au pima ni kazi ya kioo, kwa kadiri ya mazoea ya msomaji. Waliosoma nadharia ya muundo wa ndani na muundo wa nje wa sentensi watauona ujamaa uliopo.

Hoja za upande wa pili

Haitakuwa haki kuutetea uwazi bila kuzitaja hoja za wanaoupinga. Kwanza, chama hutegemea mauzo ya hati na ada za upimaji ili kukiendeleza kiwango. Vyombo hupimwa kabla ya kuidhinishwa, na upimaji huo ni sababu mojawapo ya kuaminika kwa NMEA 2000. Lugha huria haina mlinzi wa namna hiyo. Yeyote huweza kuongeza neno, na maneno mawili huweza kuzuka kwa jambo moja.

Pili, kuna hatari ya usalama. NMEA 0183 na NMEA 2000 vilibuniwa kwa mashua iliyojifunga yenyewe, ambamo kila msemaji huaminiwa bila kuulizwa. Habari zinapotolewa kwa redio hadi kwenye simu, mlango hufunguliwa. Kusoma kina ni jambo moja. Kuuamuru usukani ni jambo jingine. Signal K huwezesha ruhusa kutolewa kwa kila mtumiaji, lakini ruhusa hizo hazina faida pale ambapo mwenye mashua hakuziweka.

Hoja hizi zina uzito, lakini hazitoshi kuhalalisha usiri. Upimaji wa chombo na ufichaji wa sarufi ni mambo mawili. Chombo huweza kupimwa kwa kiwango kilicho wazi, kama vile mtahini anavyomtahini mwanafunzi kwa kitabu ambacho wote wawili wanacho. Vilevile, ufichaji haukuwazuia waliotaka kujua. Uliwachelewesha tu, na kuwaacha na maarifa yenye mapengo. Na mapengo hayo humwathiri yule ambaye mashua yake ndiyo iliyo majini.

Nafasi ya Kiswahili

Uwazi huu una fungu lake kwa lugha za pwani. Katika Signal K anwani ya habari na jina linaloonyeshwa kwa msomaji ni vitu viwili, na jina huweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Kwa hiyo kioo cha Kiswahili hakimhitaji mtu kuomba idhini ya kiwanda. Kinamhitaji mtu anayeijua istilahi.

Istilahi yenyewe ipo. Mabaharia wa pwani walipima kina kwa bildi na kukihesabu kwa pima muda mrefu kabla ya kihisi cha umeme. Wana omo na tezi, mkuku na usukani, goshini kwa upande wa upepo na demani kwa upande wa pili. Msamiati huu hutenga mambo ambayo vioo vingi huyachanganya. Kazi inayobaki ni ya kuulinganisha na dhana za kiwango, neno kwa neno, na kuamua pale panapokosekana istilahi, kwa mfano tofauti ya upepo unaohisiwa na chombo kinachokwenda na upepo halisi unaovuma juu ya maji. Kazi hiyo ni ya wanaleksikografia na mabaharia kwa pamoja, kwani wa kwanza wanajua namna ya kulifasili neno, na wa pili wanajua linachokitaja.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba lugha ya vyombo vya mashuani ilipita hatua tatu. NMEA 0183 ilikuwa na sentensi zilizosomeka, ingawa kitabu chake kiliuzwa. NMEA 2000 iliongeza kasi na adabu ya mazungumzo, lakini ikaficha maana ndani ya namba. Signal K iliirudisha maana hadharani, ikaitenga na umbo lake, na kuruhusu isemwe kwa lugha ya msomaji. Imeonekana pia kwamba umbo sanifu halitoshi pale ambapo neno moja kama kina lina maana tatu. Nahodha anayeona 2.0 kwenye kioo anastahili kujua zimepimwa kutoka wapi, naye hawezi kulijua hilo ikiwa jibu limo katika kitabu asichoruhusiwa kukifunua.